Tarumbeta, kibofu na "mshipa": mwongozo kamili kwa mzazi, mwalimu wa bendi na kijana mwenyewe

Je, kupuliza tarumbeta kunaweza kumletea kijana "mshipa", yaani uvimbe wa korodani au kinena, au kumvujisha mkojo? Swali hili huja kwa sura mbili. Mzazi wa mvulana huuliza kama tarumbeta linaweza kumshusha mwanawe mshipa. Msichana haulizi kabisa: anaanza kuvaa pedi siku za mazoezi ingawa hayumo katika siku zake, au anaacha bendi ghafla na kusema kaichoka.

Ni kweli kwamba kupuliza huongeza shinikizo tumboni. Lakini hakuna ushahidi wa kutosha kwamba shinikizo hilo peke yake humpa kijana mwenye afya ugonjwa wa korodani, kibofu au figo. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba chombo kinafichua kitu kilichokuwepo tayari. Vijana wengi hujiunga na bendi kati ya miaka 11 na 15, na huo ndio umri ambao mishipa ya korodani huanza kuvimba kwa wavulana waliozaliwa na maelekeo hayo. Mambo mawili yanafika pamoja, na tarumbeta linabeba lawama.

Madhara ya kweli hutoka kwingine: kupuliza kwa kukaba koo na kusukuma chini, kubana mkojo saa nyingi, kutokunywa maji, choo kigumu, na vyombo vibovu vinavyodai nguvu isiyo ya lazima. Yote haya yana dawa.

Hatua ya kwanza: pima shinikizo kwa macho yako

Nunua mita 2 za mpira mwembamba unaoonyesha ndani, wenye tundu la milimita 8. Ufunge kwenye ubao wima kwa umbo la herufi U, kila mkono sentimita 100. Mimina maji yapatayo mililita 50 yaliyotiwa rangi kwa chai ya rangi, mpaka yasimame sentimita 50 kila upande. Weka rula au futi ya fundi katikati. Kila kijana awe na kipande chake cha mrija cha kuchomeka mdomoni, kwa usafi, na asivute pumzi kupitia mpira asije akanywa maji yale.

Akipuliza, upande mmoja unashuka na mwingine unapanda. Soma tofauti ya usawa kati ya pande hizo mbili: hilo ndilo shinikizo, kwa sentimita za maji. Rekoda, ile filimbi ya shuleni, hudai sentimita chache tu. Fluti ni takriban 5 hadi 30. Klarineti na saksafoni huzunguka 30 hadi 60. Obo hufika 100. Tarumbeta kwenye noti za kati kwa sauti ya wastani liko karibu na klarineti, ila noti ya juu inayopigwa kwa nguvu hupita 100, yaani maji yatamwagika juu ya ubao wako. Tuba, pamoja na ukubwa wake wote, hula pumzi nyingi kwa shinikizo dogo. Zumari ya pwani, ile ya Lamu na Mombasa, ina ridi (ulimi mwembamba unaotetemeka ukipulizwa) mbili kama obo, na mpigaji wake hakati sauti: mashavu yanasukuma huku pua ikivuta. Tumbo lake halipati nafasi ya kupumzika.

Kikohozi kikali nacho huweza kupandisha shinikizo la tumbo hadi 100 au zaidi, lakini hakidumu hata sekunde moja. Noti ndefu hudumu sekunde 8 au 10, na mazoezi yana noti mamia. Msichana asiyevujisha akikohoa anaweza kuvujisha kwenye noti ya mwisho ya wimbo kwa sababu hiyo.

Hatua ya pili: "mshipa" ni upi?

Neno hili linabeba magonjwa manne tofauti, na kuyachanganya kumewagharimu vijana korodani zao.

La kwanza ni varikosili: vena za korodani (mishipa inayorudisha damu moyoni) zimevimba kama vena za miguuni. Karibu kila mara ni upande wa kushoto, kwa kuwa vena ya kushoto ni ndefu zaidi na inaingia kwenye vena ya figo kwa pembe mraba, hivyo damu hupanda kwa taabu. Mwishoni mwa balehe, wavulana kama 15 katika kila 100 wanayo, wapulizaji na wasiopuliza.

La pili ni ngiri yenyewe. Utumbo au mafuta ya tumboni hupita kwenye tundu la kinena na huweza kushuka hadi kwenye mfuko wa korodani. Kwa kijana, tundu hilo kwa kawaida ni njia ya tangu tumboni mwa mama ambayo haikuziba. Kupuliza hakulitoboi, ila kunaweza kuwa ndiko kulikosukuma utumbo upite kwa mara ya kwanza.

La tatu ni busha, au ngiri maji: maji yamejaa kuzunguka korodani. Pwani, kwa watu wazima, sababu kubwa imekuwa minyoo ya filaria inayoenezwa na mbu. Madafu hayaleti busha, na tarumbeta halileti.

La nne ni kusokoteka kwa korodani. Hili ni la dharura na halina uhusiano na kupuliza. Maumivu makali huja ghafla upande mmoja, mara nyingi kwa kichefuchefu au kutapika, na korodani hupanda juu au kulala kimlalo. Baada ya saa 6 hivi bila damu, uwezekano wa kuiokoa hupungua haraka. Usimkande kwa maji ya moto, usimsugue mafuta, usingoje asubuhi. Ni hospitali yenye chumba cha upasuaji, saa hiyo hiyo, hata usiku wa manane.

Hatua ya tatu: mvulana ajikague mwenyewe

Iwe baada ya kuoga kwa maji ya uvuguvugu, kwa sababu baridi hukunja mfuko. Asimame wima mbele ya kioo dakika 2 kabla ya kugusa chochote. Aangalie kinena na mfuko, pande zote mbili. Kisha kwa kidole gumba na cha shahada apapase korodani moja, halafu nyuzi zilizo juu yake, halafu ya pili.

Sasa aweke mdomo nyuma ya kiganja chake na apulize kwa nguvu bila kuachia pumzi kwa sekunde 10. Huku akipuliza, apapase tena juu ya korodani ya kushoto. Akihisi kitu kama fundo la minyoo laini linalojaa, hiyo inafanana na varikosili. Ikihisika tu wakati wa kupuliza ni ya daraja la 1. Ikihisika akiwa amesimama bila kupuliza ni ya 2. Ikionekana kwa macho ni ya 3. Alale chali dakika moja: varikosili ya kawaida hunywea.

Uvimbe ukianzia kwenye kinena na kushuka, ukatokeza akikohoa na kurudi akilala, fikiria ngiri. Uvimbe wa mviringo usiobadilika, weka tochi ya simu nyuma yake gizani: ukiwaka wekundu kama taa ya karatasi, mara nyingi ni maji. Kipimo cha tochi ni cha kukuongoza tu, maana utumbo wa mtoto mdogo nao hupitisha mwanga. Uvimbe mgumu ndani ya korodani yenyewe, hata usiouma, daktari auone wiki hiyo hiyo.

Mwenye varikosili isiyouma anaendelea na bendi. Akihisi uzito mfukoni baada ya mazoezi marefu, avae chupi inayobana na kushikilia, na alale chali dakika 15. Mara moja kwa mwaka apimwe ukubwa wa korodani kwa ultrasaundi. Upasuaji hufikiriwa pale upande wenye tatizo unapobaki nyuma kwa zaidi ya asilimia 20, au maumivu yanapogoma kuisha. Varikosili ya upande wa kulia peke yake, au isiyonywea kijana akilala, haisubiri mwaka: lazima tumbo lipigwe picha kuona kama kuna kitu kinaibana vena.

Ngiri haiponi kwa mkanda wala kwa kuacha tarumbeta. Inashonwa. Mpaka ishonwe, kijana asipige noti za juu wala asibebe ngoma kubwa au sosafoni (tuba kubwa inayovaliwa begani), ambayo ya shaba huzidi kilo 10. Ngiri ikigoma kurudi, ikawa ngumu, ikauma na kijana akatapika, ni dharura sawa na korodani iliyosokoteka.

Hatua ya nne: mkojo unaovuja

Hapa tunawaomba walimu na wazazi waende taratibu, maana msichana wa miaka 14 atakubali kufukuzwa bendi kabla ya kulisema hili mbele ya wenzake. Mama, shangazi au mwalimu wa kike amuulize peke yake na kwa maneno ya kawaida: "Mwanangu, ukipiga ile noti ya juu, mkojo hukutoka hata tone?" Aambiwe palepale kwamba hutokea kwa wasichana wengi wenye afya, wakiwemo wanamichezo wanaoruka, na kwamba kuna mazoezi yanayosaidia. Wavulana hupatwa pia, ila kwa uchache.

Kisha muandike daftari la mkojo kwa siku 2, moja ya mazoezi na moja ya kawaida. Vitu vinavyohitajika ni jagi la plastiki lenye alama za mililita, kalamu na daftari. Kila anapokunywa aandike saa na kiasi. Kila anapokojoa aandike saa na kiasi. Kila anapovujisha aandike alikuwa akifanya nini: noti gani, amesimama au amekaa, alikuwa na haja au la.

Kibofu cha kijana kwa kawaida hubeba mililita 400 hadi 500, na mtu huenda haja ndogo mara 4 hadi 7 kwa siku. Daftari likionyesha mara 2 au 3 zenye mililita 600 kila moja, anabana mno. Likionyesha mara 10 zenye mililita 100, tafuta UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), choo kigumu, au chai na vinywaji vya kuongeza nguvu. Akivuja wakati wa noti tu, tatizo ni misuli na upulizaji. Akilowa siku nzima mfululizo, ingawa anakojoa kama kawaida, na imekuwa hivyo tangu utotoni, mpeleke kwa daktari wa mfumo wa mkojo: huenda mrija mmoja wa figo ulizaliwa ukimwaga maji mahali pasipo kibofu. Mazoezi hayatatibu hilo. Akivuja na miguu ikawa dhaifu au ya ganzi, au akashindwa kuzuia haja kubwa pia, mgongo uchunguzwe haraka.

Damu kwenye mkojo si ya kusingizia tarumbeta wala jua la gwaride. Kwa anayeishi au aliyeogelea Pemba, Unguja, bonde la Rufiji, kusini mwa Ziwa Victoria, Kwale au Tana River, anza na kichocho. Mkojo wa kupima utolewe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati mayai yanapotoka kwa wingi, na matone ya mwisho yasiachwe chooni kwa kuwa ndiyo yenye mayai. Dawa ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, mara moja. Kijana wa kilo 45 hupata miligramu 1,800, yaani vidonge 3 vya 600, akiwa amekula, mbele ya mhudumu wa afya. Damu ikibaki baada ya tiba, uchunguzi uendelee.

Hatua ya tano: ratiba ya choo na maji

Bendimasta, hii ni yako. Tangaza choo kwa wote dakika 10 kabla ya mazoezi na kila baada ya saa moja na nusu. Kikiwa cha wote hakuna anayeaibika. Choo kiwe na maji, komeo na sabuni. Wasichana wengi hawanywi maji tangu asubuhi kwa sababu wanakijua choo cha shule, na matokeo yake ni mkojo mzito unaounguza, UTI, na kwa wengine mawe ya figo baadaye.

Kiasi: lita 1.5 hadi 2 za vinywaji kwa siku, na zaidi siku za gwaride juani. Anywe mililita 200 hivi kila baada ya saa moja badala ya kuijaza lita nzima dakika 5 kabla ya kupanda jukwaani. Mkojo uwe wa rangi ya majani makavu hafifu. Ukiwa kama chai ya rangi, maji hayatoshi.

Mwenye sikoseli asinyimwe choo hata mara moja. Figo zake hazina uwezo wa kukoleza mkojo, hivyo anakunywa sana na anakojoa sana, na kumkausha kunaweza kuamsha maumivu. Mvulana mwenye sikoseli ambaye uume wake umesimama kwa saa 4 bila kulegea apelekwe hospitali, wala asione haya.

Choo kikubwa nacho kina sehemu yake. Utumbo uliojaa hukibana kibofu kwa nyuma, na kijana anayejikamua kila asubuhi anaisukuma sakafu ya nyonga (misuli inayobeba kibofu na utumbo) chini kuliko tarumbeta linavyoisukuma. Mpe ugali wa dona, mboga za majani, papai, maji. Achuchumae, au kama ni choo cha kukalia aweke miguu juu ya kistuli.

Na ulegeze mkanda wa sare. Mkanda mpana uliokazwa kitovuni unaizuia pumzi kutanuka, basi shinikizo lote linatafuta njia ya chini. Vidole viwili vipite kati ya mkanda na tumbo wakati kijana amevuta pumzi kamili.

Hatua ya sita: chombo na upulizaji

Kabla ya kumlaumu mpulizaji, kagua chombo. Vyombo vingi vya shule ni vya mkono wa tatu au wa nne, na kinachovuja humfanya mtoto asukume mara mbili. Tarumbeta: vuta mrija mdogo wa vali ya pili bila kubonyeza vali. Ukilia "pop" ukichomoka, vali inashika hewa vizuri. Ukitoka kimya, hewa inapita. Angalia pia koki ya kumwagia mate: kizibo kilicholiwa hubadilishwa kwa bei ndogo. Klarineti: ziba matundu yote, ziba mwisho kwa kiganja, puliza kidogo na usikilize hewa inatorokea wapi. Ridi kwa anayeanza iwe namba 2 au 2½. Namba 3½ iliyorithiwa kutoka kwa mwanafunzi wa kidato cha nne ni mateso ya bure.

Sasa pumzi. Kijana akae kwenye kiti kigumu, kiganja kimoja chini ya kitovu. Akivuta, mbavu zifunguke kwa pembeni na tumbo la chini litanuke kidogo. Akitoa "sss" kwa sekunde 20, tumbo chini ya kiganja liingie ndani polepole. Likitokeza nje na shingo ikasimama mishipa, anasukuma chini kama mtu aliyefunga choo. Mrudishe kwenye mpira wa U: ashikilie sentimita 30 kwa sekunde 10 huku tumbo likiingia. Akiweza mara 5, panda hadi 40, kisha 50. Wengi hushtuka wanapoona maji yametulia palepale na koo halijakazwa.

Mazoezi ya kila siku yaanze na dakika 10 za noti za kati, sauti ya wastani. Kwa tarumbeta na tromboni, pumzika muda sawa na uliopiga. Noti za juu zisizidi dakika chache kwa mkupuo, na ziwe katikati ya mazoezi, midomo ikiwa na nguvu bado.

Hatua ya saba: misuli ya sakafu ya nyonga

Ni misuli iliyotandazwa kama machela kutoka mfupa wa mbele hadi mkiani, na hupanda na kushuka pamoja na kiwambo cha pumzi. Kuipata: jifanye unazuia ushuzi na mkojo kwa pamoja, uvute juu kwa ndani. Matako na mapaja yatulie, pumzi iendelee. Asijizoeze kwa kukata mkojo katikati ya kukojoa, kwani humfundisha kibofu kutomaliza.

Kaza sekunde 5, legeza sekunde 10, mara 8 hadi 10. Malizia na mikazo 10 ya haraka. Seti 3 kwa siku, kwa wiki 12. Wiki mbili za kwanza alale, kisha akae, kisha asimame. Kuanzia wiki ya tano aingize kwenye chombo: avute juu nukta moja kabla ya kupuliza, abakize nusu ya mkazo kwenye noti ndefu, aachie kabisa anapovuta pumzi. Kuachia ni nusu ya zoezi, na ndiyo nusu inayosahaulika.

Kuna wasiofaa kwa zoezi hili. Kijana ambaye mkojo wake huchelewa kuanza, hukatika-katika, au anaumia nyonga, huenda misuli yake imekazwa kupita kiasi. Kukaza zaidi kutamzidishia. Huyo anahitaji mtaalamu wa fiziotherapia amfundishe kulegeza kwanza.

Hospitali, na kurudi kwenye bendi

Anza kituo cha afya na kipimo cha mkojo. Uvimbe na varikosili vinataka ultrasaundi. Rufaa ya mfumo wa mkojo hupatikana hospitali kubwa kama Muhimbili, KCMC Moshi, Bugando na Kenyatta. Beba daftari la siku 2, na mtajie daktari chombo, saa za mazoezi kwa wiki na noti zinazoleta dalili. Ukisema "anapiga muziki" tu, atadhani ni gitaa.

Baada ya kushonwa ngiri au kupasuliwa varikosili, kupuliza kwa nguvu husubiri kwa kawaida wiki 4 hadi 6, na aliyepasua ndiye mwenye neno la mwisho. Akiruhusiwa, wiki ya kwanza apige kipande cha mdomo peke yake, dakika 5 mara mbili kwa siku. Wiki ya pili noti za chini na za kati, dakika 15. Wiki ya tatu nusu saa, akiwa amekaa. Noti za juu na kutembea na chombo viingie wiki ya nne. Kidonda kikivuta au uvimbe ukirudi, arudi hatua moja nyuma kwa wiki nzima, na bendimasta amwekee kiti chake mstari wa mbele hata siku ambazo hapigi.